Mkomamanga wa bustanini: kuupanda, kuupumzisha na kuufanya uzae

Mkomamanga wenye majani tele mwaka mzima lakini usiozaa umejaa kwenye bustani za watu. Mwenye nao huumwagilia asubuhi na jioni, akiuona umenyong'onyea kidogo huuongezea samadi, na anachoambulia ni matawi marefu, maua yanayodondoka, na labda makomamanga mawili matatu yaliyopasuka kabla ya kuiva. Mwisho huambiwa aung'oe kwa sababu eti ni mti dume. Hakuna mkomamanga dume. Huo ni mti ambao haujawahi kuachwa upumzike.

Asili ya mkomamanga (Punica granatum) ni nchi zinazoanzia Iran hadi kaskazini mwa India, ambako kiangazi ni kikali na kikavu na majira ya baridi ni baridi kwelikweli. Huko kichaka hiki hupukutisha majani yote baridi inapoingia, kikakaa kitupu miezi kadhaa, halafu kikachipua na kutoa maua. Ukiupanda mahali penye joto mwaka mzima huenda usipukutishe majani, au ukapukutisha nusunusu, lakini haja ya kupumzika inabaki palepale. Karibu kila ninachokieleza hapa chini kinatokana na hilo.

Kuchagua aina

Kwanza jiulize baridi ya kwako ikoje. Mkomamanga uliolala kabisa huvumilia baridi ya nyuzi 10 hadi 12 chini ya sifuri, ila machipukizi mapya huungua hata kwa jalidi ya usiku mmoja. Kama unaishi penye baridi kali, tafuta aina zilizotoka Asia ya Kati, kwa mfano 'Salavatski'. Katika kituo cha Garrigala huko Turkmenistan, mtaalamu wa mimea Gregory Levin alikusanya na kutunza aina zaidi ya 1,000 za makomamanga, na baadhi ya aina zinazostahimili baridi zilizosambaa duniani zilipitia kwenye mkusanyiko huo.

Penye joto, aina za India kama 'Bhagwa' na 'Ganesh' zinafaa sana. Mbegu zake ni laini, unatafuna punje nzima bila kutema kitu. 'Wonderful', aina iliyofika California mwaka 1896 kama kipande cha tawi kutoka Florida, ina matunda makubwa mekundu yenye ukali kidogo, na ndiyo ningeichagua kwa ajili ya juisi. Mwenye nafasi ya chungu tu achukue 'Nana', kichaka cha kimo cha mita moja hivi. Matunda yake ni madogo na makali, lakini maua yake mekundu yanapendeza kwa muda mrefu.

Mahali na udongo

Jua kamili. Hapa hakuna mjadala: mkomamanga uliopandwa kivulini utakua, utarefuka ukilitafuta jua, na hautazaa cha maana. Upate angalau saa 6 za jua kwa siku.

Udongo si tatizo kubwa. Unakubali kichanga, mfinyanzi, udongo wa mawe, hata wenye chokaa au chumvi kiasi ambacho miti mingi ya matunda isingestahimili. Usichokubali ni maji yaliyosimama. Chimba shimo la kina cha sentimita 40, lijaze maji, lisubiri likauke, kisha ulijaze tena. Kama kesho yake bado kuna maji, ama tafuta mahali pengine ama inua tuta la sentimita 30 hivi na upande juu yake.

Penye baridi, panda karibu na ukuta unaopigwa na jua kutwa. Ukuta hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku.

Kupata mche

Mbegu zinaota kwa urahisi mno, na ndiyo maana watu wengi huanza nazo. Mimi siwashauri. Mche wa mbegu haufuati mama yake: tunda tamu uliloonja linaweza kukupa mti wa matunda makali yenye punje ngumu, nawe hutajua mpaka ipite miaka kadhaa. Kipande cha tawi hukupa mti uleule, na huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu.

Wakati mzuri wa kukata vipande ni mti ukiwa umelala, kabla tu macho, yaani vifundo vya tawi vinakotoka machipukizi, hayajaanza kuvimba. Chagua tawi la msimu uliopita, lililokomaa na kugeuka rangi ya kijivu au kahawia, lenye unene wa penseli. Ncha ya tawi, ile laini ya kijani, itupe. Kata vipande vya sentimita 20 hadi 25, upande wa chini ukate bapa chini tu ya jicho, na upande wa juu ukate mshazari sentimita moja juu ya jicho. Mikato hii miwili tofauti itakuokoa baadaye, maana kipande kilichopandwa kichwa chini hakioti, na kikishakauka kidogo huwezi tena kujua juu ni wapi.

Chomeka vipande kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, ukiacha macho mawili tu juu ya udongo. Shindilia udongo kwa vidole ushikane na kipande pande zote. Weka mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua la mchana, na udongo uwe na unyevu bila kulowa chapachapa. Majani yatatangulia mizizi. Watu wengi hudanganyika hapa: wanaona majani mawili matatu, wanang'oa waangalie, na mizizi michanga inakatika. Usiguse kitu. Kipande kikisharefusha chipukizi la kiganja kizima na ukikivuta kidogo kinakataa, hapo kimeshika.

Uutunze mche kitaluni mpaka ufikishe mwaka mmoja. Mche wa kipande una faida nyingine kubwa kwa watu wa penye baridi: hata sehemu yote ya juu ikifa kwa baridi, unachipua upya kutoka mizizini na kuwa aina ileile.

Kupanda

Panda mti ukiwa umelala, au mvua zinapoanza kama kwako hakuna majira ya baridi. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60. Rudisha udongo uleule ukichanganya na debe moja la samadi iliyooza vizuri, si zaidi. Mche ukae kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni. Umbali kati ya mti na mti uwe mita 4 hadi 5 ukitaka matunda, au mita moja na nusu hadi mbili ukitaka ua wa kuzungushia bustani. Ua wa mkomamanga unapendeza na una miiba ya kutosha kumzuia mbuzi, ila matunda yatapungua.

Mwagilia mpaka udongo ushuke, ongeza udongo palipobonyea, kisha tandaza majani makavu au nyasi kuzunguka mche, ukiacha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina ili shina lisioze.

Maji

Mwaka wa kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki kama hakuna mvua, kwa kutulia, maji yazame chini. Baada ya hapo mti una mizizi ya kujitafutia, na katika kiangazi mara moja kila siku 7 hadi 10 inatosha kwenye udongo wa kawaida.

Kuna kipindi kimoja cha kuwa mwangalifu mno: kuanzia tunda likiwa la ukubwa wa limau hadi unapolivuna. Komamanga hupasuka kwa sababu ganda lake likikosa maji hukakamaa, halafu maji mengi yakija kwa mkupuo punje za ndani huvimba kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Kwa hiyo wiki tatu za ukavu zikifuatwa na ndoo tano za maji ndizo zinazopasua matunda. Mvua kubwa baada ya ukame hufanya vivyo hivyo, na dawa yake ni kuhakikisha udongo haukuwa umekauka kabisa mvua ilipofika. Matandazo mazito husaidia sana hapa.

Kuupumzisha

Penye majira ya baridi kazi hii hufanyika yenyewe. Majani yanageuka manjano, yanadondoka, na kichaka kinabaki fimbo tupu. Acha kuumwagilia, isipokuwa udongo ukikauka hadi chini kabisa. Acha mbolea. Na usiukate kwa kudhani umekufa, jambo ambalo hutokea kila mwaka kwa watu waliouzoea mwembe na mlimau. Ukiwa na wasiwasi, kwangua gome kwa ukucha kwenye tawi jembamba. Chini ya gome jembamba la kijivu ukiona utando wa kijani wenye unyevu, tawi li hai. Ukiona kahawia kavu, kwangua chini zaidi kuelekea shina, hatua kwa hatua, mpaka ulikute kijani. Hapo ndipo uhai unapoishia, na hapo ndipo pa kukata. Mkomamanga huchelewa kuchipua kuliko miti mingi, kwa hiyo usiukatie tamaa majirani zake wanapotangulia.

Penye joto mwaka mzima, mapumziko unayatengeneza wewe. Wakulima wa India wamefanya hivi kwa muda mrefu, nao huita kila msimu wa maua wanaouchagua bahar, kila mmoja na jina lake: ambe, mrig na hasta, kulingana na wakati wanaotaka mti uchanue. Kinachofanyika ni hiki.

Chagua kipindi cha ukame, baada ya matunda ya mwisho kuvunwa. Ondoa matandazo yote. Acha kumwagilia kabisa. Kwenye udongo wa kichanga, mwezi mmoja unatosha. Kwenye mfinyanzi huenda ikachukua wiki 6 hadi 8. Utaona majani yanapoteza mng'ao, yanajikunja pembeni, yanakuwa manjano na kuanza kuanguka. Moyo utakuuma, na hapo ndipo wengi hushindwa na kuchukua ndoo. Vumilia. Lengo ni majani mengi yawe yameanguka, huku matawi yakiwa bado yanapinda bila kuvunjika na gome likionyesha kijani ukilikwangua. Matawi yakianza kusinyaa umezidisha, mwagilia siku hiyohiyo.

Majani yakishaanguka, pogoa kidogo kama nitakavyoeleza, weka samadi kuzunguka mti kwa upana wa matawi, ndoo mbili kwa mti uliokomaa, kisha mwagilia. Mara ya kwanza maji kidogo, siku chache baadaye zaidi kidogo, halafu rudia ratiba ya kawaida. Macho yatavimba, majani mapya yenye rangi ya shaba yatatoka, na matumba ya maua yatafuata yakiwa mengi kwa pamoja. Fanya hivi mara moja tu kwa mwaka. Mti mchanga wa chini ya miaka mitatu usifanyiwe kabisa, uache ujenge mizizi.

Mbolea

Samadi ile ya wakati wa kuamka inatosha kwa miti mingi. Naitrojeni nyingi, iwe ya samadi mbichi au ya chumvichumvi, huleta majani na matawi, huchelewesha matunda kuiva, na huyafanya yasishike rangi. Kama mti wako ulirefusha matawi mapya zaidi ya nusu mita msimu uliopita na haukuzaa, mwaka huu usiupe chochote.

Kupogoa

Kwa asili mkomamanga ni kichaka, huchipua mashina mengi kutoka chini. Unaweza kuulea kwa shina moja kama mti, lakini mimi naona ni afadhali kuuachia mashina matatu hadi matano. Shina moja likifa kwa baridi au likitobolewa na mdudu, mengine yanaendelea kuzaa.

Miaka miwili ya kwanza chagua mashina hayo, yaliyoachana vizuri, na kila mengine yanayochomoza chini yang'oe yangali laini. Ndiyo, yang'oe kwa mkono, usiyakate: ukikata kwa mkasi, mabaki yaliyobaki udongoni hutoa matatu mahali pa moja. Kazi hii haiishi, ipange kufanyika kila unapopalilia.

Kwenye mti uliokomaa, kumbuka kwamba maua hutoka kwenye vitawi vifupi vilivyo juu ya matawi ya miaka miwili au mitatu. Anayepunguza ncha zote kwa mkasi wa kukatia ua, ili kichaka kiwe cha mviringo, anaondoa maua ya msimu mzima. Pogoa kwa ndani badala yake: toa tawi kavu, tawi lililovunjika, matawi mawili yanayosuguana utoe moja, na fungua katikati jua lipenye. Kila mwaka toa tawi moja au mawili makuukuu kutoka chini, ili mapya yachukue nafasi. Usizidishe, na usifungue upande wa jua la alasiri kiasi cha kuacha matunda wazi, maana ganda huungua na kubaki na baka la kahawia.

Maua yanayodondoka

Kila mwenye mkomamanga atakutana na hofu hii. Maua mekundu yametapakaa chini, na anadhani mti unaumwa. Okota moja na uchume jingine lililoshika tawini, uyaweke kiganjani pamoja. Utaona moja ni kama kengele, limechongoka kwenye kikonyo, halina tumbo. Jingine lina kitako kipana, limetuna chini kama mtungi mdogo, na ukilipasua kwa ukucha unaona vyumba vya mbegu. Lile la kengele ni la kiume kwa kazi, linatoa chavua tu na ni lazima lianguke. La mtungi ndilo linalozaa. Yote yako kwenye mti uleule, na ya kengele huwa mengi zaidi, kwa hiyo kudondoka huko ni kawaida.

Yakidondoka ya mtungi pia, sababu kubwa ni tatu: maji yamebadilika ghafla, naitrojeni imezidi, au nyuki hawapo. Mti mmoja unaweza kujichavusha wenyewe, ila wa pili karibu yake huongeza matunda. Usipulizie dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Wadudu na magonjwa

Vidukari huja kwenye machipukizi mapya. Yapige kwa maji ya mpira kwa nguvu, au sabuni ya maji iliyochanganywa na maji mengi, jioni jua likishapungua. Kwa kawaida hilo linatosha.

Adui wa kweli ni kipepeo wa komamanga, wa jenasi Deudorix, anayesumbua kuanzia India hadi Mashariki ya Kati na kaskazini mwa Afrika. Jike hutaga yai kwenye ua au tunda changa, kiwavi hutoboa na kula punje ndani, na tundu lake hufungua njia ya kuoza. Dawa ya kupulizia humkuta ameshaingia. Kinga inayofaa ni mfuko: matunda yakifikia ukubwa wa limau, yavike mifuko ya karatasi au kitambaa chepesi na ufunge kwenye kikonyo. Kwa mti wa bustanini kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Matunda yaliyotobolewa yaokote yote na kuyafukia chini sana au kuyachoma.

Madoa meusi yenye unyevunyevu kwenye majani, na kwenye tunda mabaka yanayopasuka kama nyota, ni dalili ya ugonjwa wa bakteria ambao umewaumiza sana wakulima wa India. Hauna tiba ya uhakika. Kata sehemu zilizoathirika siku kavu, zichome, na upanguse mkasi kwa spiriti kati ya tawi na tawi. Usimwagilie kwa kurusha maji juu ya majani.

Kuna pia tunda zuri nje na jeusi ndani, linalosababishwa na kuvu aina ya Alternaria anayeingia wakati wa ua. Tunda hilo huwa jepesi kuliko wenzake na rangi yake hupauka kidogo. Ondoa matunda makavu ya mwaka jana yaliyobaki mtini, kwani ndiyo maskani yake.

Kuvuna

Kutoka ua hadi tunda lililoiva ni miezi 5 hadi 7. Rangi isikudanganye, kuna aina zinazokuwa nyekundu mapema na nyingine zinaiva zikiwa na manjano. Tazama umbo: tunda bichi ni mviringo kamili, lililoiva limeanza kuwa na pembe, mbavu zake zimebonyea kidogo kwa sababu punje zimejaa na kulisukuma ganda. Ligonge kwa kidole, mlio wake uwe mkavu wa kulia, si mzito. Ganda likikwaruzwa kwa ukucha likubali.

Komamanga halivundikwi. Likichumwa bichi linabaki kali hivyohivyo, tofauti na embe au parachichi, kwa hiyo subiri mtini. Lakini likishaiva usilicheleweshe hadi mvua nyingine, litapasuka. Kata kikonyo kwa mkasi karibu na tunda, usivute, maana ukivuta unalichana ganda na kuvunja kitawi cha maua ya mwakani. Taji la juu liache.

Matunda mazima yasiyo na ufa hukaa wiki kadhaa mahali pakavu penye ubaridi, na miezi miwili hadi mitatu penye nyuzi 5 hadi 7. Baridi ya chini ya hapo huyaharibu, hugeuka kahawia ndani. Yaliyopasuka yamenye siku hiyohiyo, toa punje, uzigandishe kwenye friza.